Mwanangu Idi, kuhusu hiyo Landrover ya Kigamboni

Idi mwanangu,

Asalaam alaykum. Meseji yako nimeiona tangu juzi usiku, ile ya kwamba umepata Landrover 109 ya mwaka 1978 inauzwa Kigamboni, ukauliza mama nichukue hii au nivumilie mpaka nipate Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa pembeni, na baba yako ameshakwambia chukua. Ukamalizia inafanana kabisa na ile yetu tuliyoendea Muheza tukala machungwa pembeni ya barabara. Hayo machungwa ndo yamefanya nichelewe kukujibu.

Mi naona hii au ile bado, nataka kujua kwanza kama umeinama. Najua hujainama. Umenitumia picha sita, zote boneti, taa, tairi la spea linang'aa, hakuna hata moja ya chini. Gari inaangaliwa tumboni Idi. Nimekaa kaunta ya spea Gerezani miaka 11, watu walikuwa wanakuja gari imepigwa rangi safi kabisa wao wanatafuta chuma cha kuungia chesesi, ile fremu ya chini inayobeba gari yote. Bodi ya Landrover ni aluminiamu, Waingereza walipoanza kuitoa 1948 chuma kilikuwa adimu kwao baada ya vita ndo wakatumia hiyo, kwa hiyo unaweza kuikuta gari ya zamani bodi haina kutu nyekundu hata kidogo ukadhani ni nzima. Lakini chesesi ni chuma, tena imeundwa kama boksi, ndani uwazi, maji na mchanga vikishaingia humo vinakaa na inaoza kuanzia ndani kuja nje. Unaona rangi kumbe nyuma ya rangi hamna kitu. Na hiyo imekaa Kigamboni inakula upepo wa bahari.

Ile yetu tuliinunua 1995 Magomeni, nilikuwepo. Baba yako anazunguka na fundi wake wanafungua boneti, wanawasha, wanasikiliza injini, ile petroli ya silinda nne, na kweli ilikuwa inanguruma vizuri. Mi nikakunja kanga nikainama upande wa nyuma kule springi inaposhikiliwa. Gari nzima ilikuwa kuukuu, viti vimechanika, vumbi kila mahali, lakini chini rangi nyeusi mpya. Nikagusa, kidole kikatoka cheusi. Nikauliza hii imepakwa lini na kwa nini huku tu? Muuzaji akasema ni ya kuzuia kutu mama. Fundi akasema shemeji hiyo ni kawaida. Baba yako akaniangalia lile jicho lake, nikanyamaza. Hela zikahesabiwa palepale juu ya boneti.

Mwezi wa saba 1996 usiku simu ikapigwa kwa jirani, babu yako amefariki Pangani. Tukatoka alfajiri, we na dada yako nyuma kwenye benchi mmelala juu ya mabegi, mazishi yamepangwa baada ya alasiri, tukisema tutawahi. Na tungewahi. Tumefika Muheza mapema tu, tukaingia ile barabara ya vumbi ya kwenda Pangani, hatujafika mbali nikasikia kama mti umevunjika, gari ikakaa chini nyuma upande mmoja, mlango wangu ukagoma kufunguka kwa sababu bodi yote imepinda. Chesesi imekatika palepale nilipogusa. Baba yako akaingia chini akatoka kimya. Walikuwa wamebandika kipande cha bati, juu puti ile ya kuzibia mashimo, juu rangi.

Ndo hapo mlipokula machungwa mwanangu. Kuna mama alikuwa amepanga mafungu pembeni akawaonea huruma akawapa, we ulikuwa darasa la pili ulicheka siku nzima, na sijawahi kukwambia maana kwa nini nikuharibie. Lori la mkonge ndo lilikuja kutuchukua. Tumeingia Pangani wanaume wanarudi makaburini wanakung'uta mchanga miguuni. Wanawake hatuendi kuzika, unajua, fungu langu lilikuwa ni kumuona usoni kabla hajatolewa ndani, basi. Sikumuona.

Baba yako mpaka leo anasema ni barabara. Na haki yake, barabara ilikuwa mbaya mno, mashimo ya kuzama tairi. Lakini magari mangapi yalipita siku ile na hayakukatika? Halafu nasema tena hapana, na mimi mbona nilinyamaza, kidole nilikuwa nacho cheusi, ningekataa kuondoka pale Magomeni angefanyaje? Nikifika hapo naacha kuwaza kwanza.

Sitaki kuidhulumu ile gari pia. Tulipoitafutia chesesi nzima ikawa gari ya watu, mvua za El Nino zile za 1997 kwenda 1998 magari madogo yote mtaani yamelala, yetu inapita kwenye maji inabeba wagonjwa na watoto wa jirani. Nilikuwa naiosha mwenyewe. Kwa hiyo baba yako akikwambia 109 ni gari hadanganyi, ni gari. Ila inataka mtu wa kuinama kila mara.

Mkonga nao sikukatazi kuusubiri. Ile injini yake ya 1HZ, dizeli silinda sita, lita 4.2 haina turbo, mafundi wengi wanaijua na spea zake Gerezani hukosi. Bei ndo inakimbiza watu. Na usidhani wenyewe hauozi, bodi yake ni chuma, ukiwa nayo pitisha sumaku, ikiteleza ujue pale pana puti. Kwenye bodi ya Landrover sumaku haikusaidii kwa sababu haishiki aluminiamu hata ikiwa nzima, hapo chukua nyundo ndogo ukagonge chesesi urefu wote, chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama unagonga boksi la karatasi. Gonga zaidi kwenye vishikio vya springi na kile chuma cha chesesi kilichokingama mwisho kabisa nyuma. Fungua milango yote ufunge, ukikuta mmoja unagoma au mwanya juu mpana chini mwembamba, uliza kwa nini. Inua na makapeti, kile kikingio kati ya injini na miguu yako ni chuma nacho. Halafu kadi, hizi 109 nyingi zimeshavuliwa injini zikavalishwa dizeli ya gari nyingine, kwa hiyo namba ya injini na ya chesesi uzisome mwenyewe kwenye chuma ulinganishe na kadi, usisomewe na dalali.

Unataka niseme chukua au acha. Ulimi unaniwasha Idi, nina neno moja hapa, lakini baba yako ameshasema lake na gari ni ya kwako na mkeo, sisemi. Yani nikisema acha utadhani ni kwa ajili ya Pangani tu, na labda kweli ni kwa ajili ya Pangani.

Jumamosi nipitie mapema kabla jua halijawa kali tuvuke wote. Nyundo ninayo, ile ya baba yako ya mpini mfupi, na kanga ya kutandika chini nitabeba. Mwambie dalali asubiri, na hela ya kushikia usimpe hata shilingi mpaka mimi nimeingia chini nikatoka.

Msalimie mkwe wangu na watoto.

Mama