Kabla Hujaomba Zana Rasmi za Konsoli

Swali hili naulizwa kila mara na vijana wanaotaka kuandika gemu za konsoli: nianze na zana rasmi za kampuni, yaani programu za kuandikia gemu, au hizi huria zinazotengenezwa na wapenzi wa konsoli wenyewe? Kama bado hujamaliza gemu hata moja, tafuta konsoli kuukuu, ushike zana huria.

Mimi nilianza na Game Boy Advance, konsoli ya mkononi ya Nintendo iliyotoka 2001. Ina prosesa ya ARM ya megahezi 16.78, kilobaiti 32 za kumbukumbu ya kasi, kilobaiti 256 za ile ya polepole, na skrini ya nukta 240 kwa 160. Nilipakua devkitARM, zana huria za konsoli hiyo, nikaandika namba ya kuchagua modi ya picha kwenye anwani ya kumbukumbu 0x04000000, nikaweka rangi kwenye 0x06000000, nukta nyekundu ikawaka. Hapakuwa na mfumo endeshi wowote kati yangu na mashine. Furaha ya usiku ule ninayo mpaka leo.

Wiki chache baadaye nikakwama. Nilikuwa nachora kwa modi ya 4, ambayo kila nukta ni baiti moja inayotaja rangi mojawapo kati ya 256. Kwenye emyuleta, programu inayoiga konsoli ndani ya kompyuta, picha ilikuwa safi kabisa. Nilipoihamishia kwenye kaseti ya flashi, ile unayoweza kuiandikia gemu yako mwenyewe, na kuwasha konsoli yenyewe, nukta zikatoka mbilimbili, uso wa mhusika wangu hautambuliki. Siku tatu nilipekua msimbo nikidhani nimekosea hesabu za mistari. Kumbe kumbukumbu ya picha ya mashine ile haiandikwi baiti mojamoja. Ukiipa baiti moja inaiandika mara mbili, kwenye nukta uliyoitaka na kwenye jirani yake. Dawa yake ni kusoma baiti mbili pamoja, kubadilisha ile unayoitaka, kisha kuzirudisha zote mbili. Emyuleta niliyokuwa nayo ililifumbia macho kosa hilo. Kwa hiyo jaribu kazi yako kwenye mashine halisi tangu wiki ya kwanza, usisubiri gemu iishe.

Na jibu nililipataje? Niliuliza hadharani, nikabandika msimbo wangu, mtu nisiyemjua akanionyesha mstari wenye kosa. Kwa zana rasmi usingeweza kufanya hivyo, maana kwa kawaida unazipata baada ya kusaini mkataba wa usiri. Unauliza ndani ya uzio tu. Kwa anayejifunza, huo ni mzigo mkubwa.

Sizidharau zana rasmi. Zina nyaraka za walioiunda mashine, na zina vipimo vinavyokuonyesha muda wako unaishia wapi; ukilenga picha 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 16.7 tu, na bila vipimo hivyo unabaki kukisia. Zaidi ya yote, ndizo njia ya kuuza gemu yako kihalali kwenye duka la konsoli. Kampuni nyingine zimewahi kumfungulia mlango hata mtu wa kawaida: Sony ilikuwa na Net Yaroze, PlayStation nyeusi ya miaka ya 1990, na tangu 2016 Xbox One ya dukani inaweza kugeuzwa mashine ya majaribio.

Ila nakusihi, usiguse zana rasmi zilizovuja. Ni mali ya watu, na gemu uliyoijenga juu yake huwezi kuisambaza kwa moyo mweupe. Wala huna haja nazo: PlayStation ya kwanza ina PSn00bSDK, Dreamcast ya Sega ina KallistiOS, na zote ni huria.

Jambo la mwisho, tenganisha gemu na mashine. Sheria za mchezo, mgongano wa vitu na alama ziishi kwenye faili zisizojua konsoli ni ipi. Faili chache pembeni ndizo zijue kuchora, kupiga sauti na kusoma vitufe. Mimi nilikuwa na faili nne za namna hiyo. Maombi yangu ya zana rasmi, niliyoyatuma pamoja na gemu iliyokamilika, yalipokubaliwa, nilikaa chini nikaziandika upya hizo nne. Zile nyingine hazikuguswa.