Ukiitwa mafunzo ya kushona kiwandani nenda, ila usitoke bila cheti

Juzi kuna dada kaniandikia inboksi. Ameshona mtaani miaka mingi, sasa kaitwa kwenye yale mafunzo ya ubia, serikali inagharamia, kiwanda kinatoa mashine na walimu. Majirani wanamwambia fundi mzima unaenda kufundishwa nini, huko ni kujishusha. Najua wenye swali hilo mko wengi na wote tunataka kufika mbali na hii cherehani, kwahiyo najibu hapa.

Nenda mdogo wangu. Mtaani na kiwandani ni kazi mbili tofauti kabisa. Mtaani unapima mteja, unakata, unashona, unapiga pasi, gauni zima ni lako. Kiwandani unakaa kwenye laini, ule mstari wa mashine ambao kila mtu anashona kipande chake, wewe ni mfuko wa nyuma tu kutwa nzima, bando la vipande vilivyokatwa linakuja linaondoka na tageti iko ubaoni kila saa. Mimi naingia kiwandani nilikuwa nashona suti ya kiume peke yangu, kola inalala vizuri, lakini ile mashine ya umeme ukiigusa kidogo na mguu tayari imeshafika mwisho wa kitambaa. Kuifuga mashine ile na kushona kwa kasi bila mshono kupinda hakuna fundi wa barazani atakayekufundisha, maana hanayo. Ndo maana nasema huu ubia una maana, chuo peke yake hakiwezi kununua kila mashine mpya, na kiwanda peke yake kitakufundisha kile inachokihitaji leo tu. Ofisi ya Waziri Mkuu ilishafanya hivyo na kiwanda cha Tooku pale Mabibo Dar, vijana wakafundishwa kushona humohumo kiwandani. Mimi nilikuwa kwingine.

Sasa sikilizeni kilichonipata. Nikaizoea laini, nikawa nahamishwa kila penye shida, zipu zikikwama naitwa mimi, ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo, ikila kitambaa naitwa mimi. Wakaletwa mabinti wageni nikawafundisha kwa mikono yangu hii, wengine hata kuweka bobini nilianza nao. Nafasi ya usupavaiza ilipotoka kapewa mmoja wao. Nikauliza kwa heshima, nikajibiwa yeye ana cheti, wewe huna. Niliumia jamani, na nikiandika hapa bado naumia, sio kwa ajili ya yule binti maana alikuwa na adabu na aliniita dada mpaka mwisho, naumia kwa sababu kazi yangu wote waliiona na bado haikuhesabika.

Baadae ndo nikaambiwa kuhusu urasimishaji ujuzi wa VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Hii ni kwa sisi tuliojifunzia kazini. Wanakuja kukuangalia ukifanya kazi, wanakuuliza maswali, penye mapungufu unapewa mafunzo mafupi, halafu unapata cheti kinachotambulika. Mimi mapungufu yangu yalikuwa kuchora pateni, yaani zile karatasi za kukatia nguo, kwa vipimo na usalama kazini, kushona kwenyewe hawakunikuta na neno. Leo nafundisha, na nimekaa kwenye kiti ambacho nilinyimwa, sema kiwanda kingine.

Kwahiyo ushauri wangu ni cheti. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata hujaonyeshwa mashine yako, uliza mwisho wa mafunzo natoka na cheti cha nani, cha kiwanda tu au cha VETA? Cha kiwanda tu ukienda kiwanda cha pili unaanza upya. Usione aibu kuuliza, mafunzo hayo sio hisani. Kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, waajiri wengi wenye watu 10 na kuendelea wanailipa kwa asilimia ya mishahara, mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5, na sehemu ya hela hiyo ndo inaendesha mafunzo ya ufundi nchi hii. Cheti uliza. Na ukiwa kwenye laini omba kuhamishwa hamishwa, leo mfuko, kesho mkanda, maana aliyekaa kwenye pindo peke yake atatoka anajua pindo peke yake.

Na nyie mnaopanga haya mafunzo, ongezeni kukata. Nimeona vijana wanamaliza, wana kasi nzuri, ila ukiwapa kitambaa kizima na mkasi wanaangaliana. Mkataba wa kiwanda ukiisha hao wanarudi mtaani na mtaani hakuna mtu anakuletea bando lililokwishakatwa. Pamba yetu nyingi bado inatoka nchini kabla hata haijawa uzi, viwanda vikiongezeka tutahitaji watu wanaojua kupanga pateni kitambaa kisipotee, na hao hawapatikani kwa mafunzo ya haraka haraka. Hata wiki mbili tatu za mezani mwa kukatia, kabla ya vyeti kutolewa, zingesaidia sana.