Maswali ya Wasomaji: Maeneokazi Pepe kwa Mtumiaji Asiyeona

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfasiri, sioni kabisa, na kazi zangu zote nazifanya kwa kibodi na kisoma skrini cha NVDA, programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, katika Windows 11. Nikiwa kazini huwa nimefungua matini ninayoitafsiri, tafsiri yenyewe, kamusi mbili kila moja katika dirisha lake, barua pepe, programu ya ujumbe, kikokotoo na redio ya mtandaoni. Mwenzangu anayeona amenishauri nitumie maeneokazi pepe, yaani kuyagawa madirisha katika skrini kadhaa za kufikirika ndani ya kompyuta moja, kwa sababu yeye yanampa nafasi kwenye skrini. Nafasi ya skrini hainihusu mimi. Je, jambo hili lina faida yoyote kwangu?

JIBU: Ndugu msomaji, lina faida, na huenda faida yako ikawa kubwa kuliko ya mwenzako, ila sababu yake si ile aliyokupa. Ni kweli kwamba wazo hili lilihusu uhaba wa nafasi: mwaka 1986 Austin Henderson na Stuart Card wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC walieleza mfumo walioupa jina la Rooms, yaani vyumba, ambamo mtumiaji aliyagawa madirisha yake katika vyumba mbalimbali kwa kuwa skrini moja haikutosha kuyaweka yote pamoja. Sisi tusioona hatubanwi na upana wa skrini, tunabanwa na foleni. Anayeona akibonyeza Alt na Tab huyaona madirisha yote manane kwa mtazamo mmoja na kuchagua analolitaka. Sisi tunasomewa moja baada ya jingine, na kila dirisha unaloliongeza linakuongezea jina la kusikiliza kabla ya kulifikia unalolitafuta. Unapotoka kwenye tafsiri kwenda kwenye kamusi, halafu ukasikia kwanza redio, barua pepe na kikokotoo, neno ulilokuwa umelishika akilini limekwisha kukutoka.

Eneokazi pepe huikata foleni hiyo. Isipokuwa kama mipangilio imebadilishwa, Alt na Tab hupitia madirisha ya eneokazi ulilomo tu. Ukiweka matini, tafsiri na kamusi zako katika eneokazi la kwanza, na vingine vyote katika la pili, foleni ya manane imekuwa ya manne, na yote manne ni ya kazi iliyo mkononi. Ukiona bado unasomewa madirisha ya maeneokazi yote, fungua mipangilio ya Windows, uingie sehemu ya mfumo, kisha kazi nyingi kwa pamoja, na huko utakuta chaguo linalohusu Alt na Tab.

Kuanza ni rahisi. Shika Ctrl na kitufe cha Windows pamoja, kisha ubonyeze D. Eneokazi jipya litafunguka na utakuwa umo ndani yake. Ukitaka kuhama, shika Ctrl na Windows kisha ubonyeze mshale wa kushoto au wa kulia. Matoleo ya sasa ya NVDA hutaja jina la eneokazi unapoingia, na hapo ndipo ninapokusihi usiridhike na majina ya namba. Bonyeza Windows na Tab, tembea kwa Tab hadi kwenye orodha ya maeneokazi, simama juu ya mojawapo, bonyeza F2, andika jina na umalize kwa Enter. Chagua jina fupi, kwani utalisikia mara nyingi kila siku: la kwangu la kwanza linaitwa «Kazi», la pili «Barua», na sikio langu hulitambua kila moja kabla sauti haijamaliza kulitamka.

Kuhamisha dirisha lililokwisha kufunguliwa ndiko kunakochosha, kwa kuwa Windows haikutupa mkato wa moja kwa moja wa jambo hilo. Unabonyeza Windows na Tab, unalifikia dirisha kwa mishale, unafungua menyu yake kwa Shift na F10, kisha unatafuta chaguo la kuhamishia na kuchagua eneokazi. Kwa maoni yangu ni afadhali kuingia kwanza katika eneokazi linalofaa, ndipo uifungue programu humo. Menyu hiyohiyo, hata hivyo, ina chaguo la kulionyesha dirisha katika maeneokazi yote, nalo linakifaa sana kikokotoo chako.

Vidole vitakosea siku za mwanzo, na ni vyema ujue kilichotokea, maana hakuna picha ya kukuonyesha. Ctrl isiposhika unapobonyeza D, madirisha yote yatafichwa. Bonyeza Windows na D tena yarudi. Isiposhika unapobonyeza mshale, dirisha litabanwa upande mmoja wa skrini, jambo lisilo na madhara kwako. Na ukigusa Enter huku umeshika Ctrl na Windows, kisoma skrini cha Windows chenyewe kitaanza kusema juu ya NVDA, sauti mbili kwa wakati mmoja. Bonyeza vitufe hivyohivyo na ya pili itanyamaza.

Redio yako itaendelea kusikika popote utakapokuwa, na maandishi uliyoyanakili katika eneokazi moja utaweza kuyabandika katika jingine. Usidhani kwa hiyo kwamba eneokazi la pili ni mahali pa siri: mtu akikalia kiti chako ataweza kuingia humo kama unavyoingia wewe. Ukiondoka, funga kompyuta kwa Windows na L.

SWALI: Nilifunga eneokazi la pili kwa Ctrl, Windows na F4 nikiwa na insha ambayo sikuwa nimeihifadhi. Nilipokosa kuisikia tena niliogopa nikaizima kompyuta. Je, insha ile ilipotea nilipofunga eneokazi?

JIBU: Pole sana. Haikupotea wakati ule. Ukifunga eneokazi pepe, madirisha yaliyokuwamo hayafungwi, bali huhamia katika eneokazi jirani, na Alt na Tab ingekupeleka kwenye insha yako. Nakuandikia haya kwa uchungu, kwa sababu mimi pia nimewahi kufanya hivyohivyo, na kilichoniponza si amri ile bali kuzima kwa haraka bila kuuliza nipo wapi. Amri ya hatari ni Alt na F4, inayofunga dirisha lenyewe, nayo iko karibu mno na hii ya Ctrl na Windows. Katika kompyuta nyingi za mapajani F4 haifanyi kazi mpaka Fn ishikwe pia, ndiyo maana vidole hutangatanga. Fungua programu uliyoiandikia insha uone kama imekuwekea nakala ya kuokoa; nyingi hufanya hivyo zenyewe.

SWALI: Je, anayetumia Mac au Linux anayo njia kama hii?

JIBU: Anayo. Katika Mac unahama kwa Ctrl na mshale wa kushoto au wa kulia, lakini uwe mwangalifu usiishike Option pamoja nayo, kwa kuwa Ctrl na Option ndivyo vitufe vya VoiceOver, kisoma skrini cha Mac, na utakuwa umekipa amri. Katika Linux yenye mazingira ya GNOME unahama kwa Super, yaani kitufe cha Windows, pamoja na Page Up au Page Down, na ukiongeza Shift dirisha ulilomo unalibeba pamoja nawe. Huo ndio mkato ambao sisi wa Windows tungeufurahia sana.

SWALI: Nikihama, mara nyingine NVDA hutaja jina la eneokazi kisha hunyamaza, nami nikiandika hakuna kinachoandikwa. Nifanye nini?

JIBU: Usiendelee kuandika, kwa sababu hujui herufi zako zinaangukia wapi. Umeingia katika eneokazi jipya, lakini hakuna dirisha lililopokea kibodi. Bonyeza kitufe cha NVDA, ambacho ni Insert au Caps Lock, pamoja na T ili usomewe kichwa cha dirisha, au pamoja na Tab ili uambiwe kitu ulichosimama juu yake. Anayetumia JAWS, kisoma skrini kingine cha Windows, atapata kichwa cha dirisha kwa Insert na T. Ukisomewa kitu kisichoeleweka, bonyeza Alt na Tab mara moja. Mara nyingi dirisha ulilolitumia mwisho humo litakuja mbele. Na ukiambiwa hakuna dirisha lolote, basi umepita eneokazi moja zaidi ya ulilolikusudia; rudi kwa mshale wa upande wa pili na usubiri ulisikie jina.