Barua kwa mwanangu: Ni kweli, nililipa kutembezwa mjini kwangu

Mwanangu,

Waalaikumu salamu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Unauliza: "Mama, dada anasema umemlipa mtu akutembeze Mji Mkongwe. Wewe, mzaliwa wa Sokomuhogo! Kulikoni?" Na zile sura za kucheka nimeziona.

Nimelipa, ndiyo. Dada yako hakusema uongo, ila hadithi kaishika mkia.

Unaijua ile picha ya Idi kwenye albamu, mimi na msichana mwengine tumevaa magauni ya kitambaa kimoja? Huyo ndiye aliyekuja. Tulikua nyumba moja, wao chini sisi juu, hadi mwaka 1986 baba yake alipohamishiwa kazi Wete, Pemba. Toka hapo hatujaonana. Na baina yetu ni mkondo wa bahari tu. Boti ikitoka Malindi asubuhi, mchana uko Mkoani. Safari hii kaja harusini Jang'ombe, akabakiwa na siku moja kabla ya kurudi, akaitafuta namba yangu mpaka akaipata.

Tulikutana Darajani, mbele ya soko. Kaja na kikapu cha halua ya Wete, bado ya moto kwa mapenzi, maana kwa safari ilishapoa. Tukakumbatiana, tukalia kidogo. Kisha salamu: watoto hawajambo, wajukuu hawajambo, fulani katangulia, Mungu amrehemu, na fulani naye. Salamu zetu ni ndefu, lakini nazo zina mwisho. Zilipokwisha tukawa tumesimama tunatazama maembe. Mimi nauliza bei ya maembe nisiyoyataka. Yeye anakunja buibui, anakunjua.

Hapo ndipo kikatokea kijana mwenye kitambulisho shingoni, akidhani sisi wageni kutoka Bara. "Karibuni mama zangu, niwatembeze?" Nilikuwa nafungua mdomo kumfukuza, shoga yangu akasema, "Twende." Nikamtazama usoni, nikaona na yeye kashukuru kama mimi. Tumepata mtu wa tatu wa kusema. Basi hilo ndilo nililolilipia, mwanangu.

Akaanzia Mkunazini, kanisani. Nje ya ukuta ule tulicheza nage utoto wetu wote, ndani hatujawahi kutia mguu. Akatueleza kwamba palikuwa soko la watumwa hadi 1873, Sultan Barghash alipolifunga kwa kubanwa na Waingereza, na mwaka huohuo kanisa likaanza kujengwa papo hapo. Madhabahu inasemekana iko pale ulipokuwa mti wa kuchapia watu. Akatuonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, mafundi walizikosea askofu akiwa safarini. Nje kuna shimo, na ndani ya shimo watu watano wa mawe, mnyororo wa chuma shingoni. Pale hata kijana alinyamaza. Shoga yangu akanishika mkono, asiuachie mpaka tumetoka barabarani.

Mtaa wa Hurumzi, kijana alitusimamisha mbele ya mlango. Minyororo imechongwa pembeni, samaki chini, mayungiyungi juu, na misumari mikubwa ya shaba imejipanga. Akasema misumari ile asili yake India, ilikuwa kinga ya tembo wasivunje milango. Shoga yangu akaniinamia sikioni: "Unguja hii? Tembo ninalolijua mimi ni la mnazi." Nilicheka hadi nikakaa barazani mwa watu. Kijana hakujua tunachekea nini, maskini, akadhani kakosea tarehe. Toka hapo hatukumpa tena nafasi.

Akisema vyumba vya mji huu vimejengwa vyembamba ili viwe baridi, mimi namkatiza: ni boriti, mwanangu. Boriti za mkoko, na mkoko haurefuki upendavyo. Chumba kinafuata urefu wa mti. Hayo ni ya babu yako, unajua alivyokuwa fundi wa chokaa. Nikamwambia pia alivyokuwa akisema marehemu, kwamba nyumba ya mawe na chokaa huuliwa na vitu viwili, paa linalovuja na saruji. Saruji huuziba ukuta, maji yakishaingia hayana pa kutokea, ukuta unaoza kimya kimya. Kijana akatoa simu akaandika. Nadhani wageni wa wiki hii wote wameambiwa habari za babu yako.

Nyumba yetu ya Sokomuhogo sasa ni ya wageni. Binti wa mapokezi alitusemesha Kizungu. Mlango ni uleule, ule tuliokuwa tukiusugua shaba zake kwa ndimu na majivu kila mwisho wa Ramadhani, na tundu la msumari uliokosekana lipo bado, kulia, usawa wa kifua cha mtoto. Shoga yangu akatia kidole. Hatukupanda juu.

Forodhani tulifika alasiri, tukamlipa kijana na ziada kidogo. Beit al-Ajaib tuliitazama kwa mbali. Jumba la Barghash la mwaka 1883, la mwanzo mjini kuwa na taa za umeme na lifti, na upande mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukaua watu wawili. Yeye Pemba aliona picha tu. Akatikisa kichwa, akaomba urojo.

Basi bakuli likiwa katikati, bajia zinaloweka, akauliza bila kuniangalia: "Barua zangu ulizipata?"

Alikuwa kaniandikia tatu. Ya kwanza niliijibu. Ya pili ilisema kachaguliwa kuendelea na skuli, ikanikuta mimi nimetolewa skuli, nakatiwa nguo za harusi. Wivu, mwanangu, sina jina jengine la kuliita. Ya tatu sikuifungua. Hili hata baba yako hakupata kulijua. Nikamwambia vilevile ninavyokuandikia wewe.

Akanyamaza, akachokoa kachori kwa kijiko. "Mimi nilitolewa mwaka uliofuata," akasema. "Ndiyo niliyokuandikia. Na nikakuomba ile picha ya Idi, yangu ilirowa mvua." Kisha akanisogezea bakuli: "Kula, yakhe, zisije zikavurugika."

Tumezungumza mpaka wauza pweza wanazima taa. Asubuhi nilimsindikiza gatini. Ile barua ya tatu nimeitafuta kabatini na sandukuni, sikuiona. Labda ilipotea tulipohamia Mwanakwerekwe.

Picha ninayo. Dada yako ataipiga kwa simu akutumie, nawe hapo Dodoma itafutie studio nzuri, waisafishe, watoe nakala mbili kubwa. Usiwaache watupake rangi midomo. Na nauli ya boti unitumie kabla mwezi haujaandama, naipeleka Wete mwenyewe.

Mama yako