Reiki: mikono haina neno, ulimi ndio wa kuchunga

Mara ya nne alipokuja kwangu kuwekewa mikono ya Reiki, yule mama hakulala kitandani moja kwa moja kama kawaida yake. Aliketi ukingoni, akavua viatu, akaniambia kwa furaha: "Mwanangu, zile dawa za presha nimeziacha. Wiki ya pili hii. Mikono yako inanitosha."

Nilishtuka. Siku ile sikumwekea mikono. Tulizungumza, nikamwomba tuongozane hadi zahanati, na alipopimwa presha ikaonekana imepanda sana. Alirudishwa kwenye dawa zake siku hiyohiyo. Hakunilaumu hata kidogo. Lakini njiani nilikumbuka maneno niliyomwambia siku moja alipoamka akisema anajisikia mwepesi: "Mwili wako unajiponya, mama." Mimi nilikuwa namtia moyo tu. Yeye aliyapokea kama maneno ya daktari.

Naandika haya kwa anayefikiria kwenda kufanyiwa Reiki, na zaidi kwa anayetamani kuisomea. Nimeifanya kwa miaka kadhaa na naipenda. Kwa sababu naipenda, nataka uijue jinsi ilivyo.

Reiki ni neno la Kijapani. Rei ina maana ya roho au kitu kitakatifu, na ki ni nguvu ya uhai, ile ambayo Wachina huiita chi. Anayeifanya huweka viganja juu ya mwili wa mtu, au huviacha vikielea karibu na mwili bila kugusa, kwa imani kwamba nguvu hiyo hupita mikononi mwake na kumfikia mwenzake. Si kukanda wala kuchua. Mtu havui nguo, hapakwi mafuta, hanywi dawa yoyote. Ukienda mahali ukaambiwa uvue nguo ndipo Reiki ifanye kazi, chukua viatu vyako uondoke.

Kikao huchukua saa moja hivi. Mtu analala chali, namfunika blanketi akitaka, nanawa mikono na kuisugua ipate joto, maana hakuna anayetulia akiguswa na viganja vya baridi. Kabla ya yote namuuliza kama yuko radhi kuguswa, na kama kuna mahali asipotaka nipaguse. Naanzia kichwani. Viganja hukaa mahali pamoja kwa dakika tatu hadi tano, kisha vinahamia pengine: machoni, pembeni mwa kichwa, kisogoni, mabegani, kifuani juu, tumboni, magotini, nyayoni.

Hapo kisogoni ndipo ninapojifunza mengi kuhusu mtu. Naingiza viganja chini ya kichwa chake, taratibu, mpaka kilale humo kama kwenye bakuli. Karibu kila mtu hukiinua kidogo mwenyewe. Shingo imekaza, anajaribu kunisaidia, kana kwamba anaona aibu kunitwika. Simwambii "legeza", kwani ukimwambia mtu alegeze anazidi kukaza. Nasubiri tu. Dakika ya pili, au ya tatu, pumzi moja ndefu inatoka, na uzito wote unashuka mikononi mwangu kwa ghafla. Kichwa cha mtu ni kizito kuliko unavyodhani. Baada ya hapo tumbo huanza kunguruma, kope zinatulia, wengine machozi yanawatoka bila wao kujua sababu. Nimewahi kumfanyia mtu aliyekuwa akimuuguza mzazi wake kwa miezi mingi, na alipoamka alisema jambo moja tu: hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimgusa bila kuhitaji kitu kutoka kwake.

Na mimi nasikia nini mikononi? Mara nyingi joto. Mara nyingine kama wadudu wanatembea kwenye vidole. Siku nyingine sisikii chochote, na siku hizo watu huamka wametulia vilevile. Kuna mafunzo yanayosema joto au mchomo mkononi huonyesha palipo na tatizo mwilini. Uhisi unachohisi, lakini usikigeuze kuwa ugonjwa wa mtu. Nimewaona wenzangu wakimwambia mteja "nasikia kitu kwenye ini lako." Mtu huyo atalala vipi usiku? Kupima ini ni kazi ya maabara.

Njia hii ilianzishwa na Mikao Usui, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1865. Mwaka 1922 alipanda mlima Kurama, kaskazini mwa mji wa Kyoto, akafunga na kutafakari kwa siku 21. Aliposhuka alianza kufundisha mjini Tokyo. Mwaka uliofuata tetemeko kubwa la ardhi liliuharibu mji huo, na jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa kaburini pake linaeleza jinsi alivyozunguka akiwahudumia majeruhi. Alifariki mwaka 1926. Mwanafunzi wake Chujiro Hayashi, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua kliniki, na huko ndiko alikofika Hawayo Takata, mwanamke wa asili ya Kijapani kutoka visiwa vya Hawaii, akitafuta nafuu ya maradhi yake katika miaka ya 1930. Takata ndiye aliyeileta Reiki nchi za Magharibi. Kabla ya kufariki mwaka 1980 alikuwa amewafunda walimu 22.

Nakutajia haya kwa sababu ukianza kusoma utakutana na hadithi nyingi: kwamba Reiki ina maelfu ya miaka, au kwamba Usui alikuwa mchungaji wa Kikristo aliyesoma Chicago. Waliochunguza hawakupata ushahidi wa hilo la pili, na njia yenyewe ina umri wa karne moja tu. Hata yale mafundisho ya chakra saba, yaani vituo vya nguvu mwilini, yaliongezwa baadaye huko Magharibi. Mwalimu asiyejua haya, au anayeyajua na kuyaficha, atakuficha na mengine.

Mafunzo yana ngazi tatu. Ya kwanza ni ya kujiwekea mikono mwenyewe na kuwafanyia jamaa wa karibu. Ya pili huongeza alama tatu za kuchora kwa mkono na mazoezi ya kumtumia nguvu mtu aliye mbali. Ya tatu ni ya ualimu. Katika kila ngazi mwalimu hukufanyia tendo fupi la kukufungulia njia, ukiwa umekaa kimya, macho yamefumba. Ngazi ya kwanza watu huimaliza kwa siku moja au mbili, na hapo ndipo penye mtego: unatoka na cheti kizuri na mikono inawaka, unataka kumponya kila unayekutana naye. Tulia. Kaa na ngazi hiyo walau miezi kadhaa, ukijifanyia kila siku. Anayekuharakisha upande ngazi zote tatu mwisho wa juma mmoja anafanya biashara.

Usui aliacha pia maneno matano ya kusema asubuhi na jioni, yakitanguliwa na "leo tu": usikasirike, usiwe na wasiwasi, shukuru, fanya kazi yako kwa bidii, watendee wengine wema. Mwanzoni niliyapita haraka, nikitaka kufika kwenye alama. Siku hizi naona hayo ndiyo mafunzo, hasa hilo "leo tu". Mtu mwenye hasira ya jana mwilini hawezi kukishika kichwa cha mwenzake kwa dakika tano bila mikono kumsaliti.

Sasa suala la sayansi, maana kulikwepa si uungwana. Hakuna chombo kilichowahi kuipima nguvu hii. Mwaka 1998 jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio la msichana mdogo, Emily Rosa, juu ya tiba ya nishati iliyo jirani na Reiki. Watabibu 21 walipitisha mikono nyuma ya pazia, wakatakiwa kusema mkono wake uko karibu na upi kati ya mikono yao miwili. Katika majaribio 280 walipatia 123 tu, pungufu hata ya kubahatisha. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Leo naiheshimu. Haikunifanya niache, kwa kuwa utulivu wa yule anayeniachia uzito wa kichwa chake nauona kwa macho yangu. Ilinifanya niache kusema "nishati yangu inaua uvimbe" na mengine ya namna hiyo. Ninachoweza kusema kwa dhamiri safi ni kwamba watu wengi hupumzika sana, wengine hulala vizuri zaidi usiku ule, wengine maumivu huwapungua kwa muda. Saratani, kisukari, presha, kifafa, hayo yana madaktari wake.

Kuhusu dini: Reiki haina mungu wa kuabudiwa wala haikutaki uache imani yako, ila imetoka katika mazingira ya Kibudha, na mwaka 2009 maaskofu Wakatoliki wa Marekani walielekeza kwamba taasisi za Kanisa zisiitoe. Kama moyo wako una shaka, acha. Mtu anayelala huku akijiuliza kama anamkosea Mungu wake hapumziki.

Tangu siku ya yule mama, kila anayekuja kwangu namuuliza anatumia dawa gani, na namwambia waziwazi kwamba hakuna hata kidonge kimoja kitakachopunguzwa kwa sababu yangu. Wapo wanaovunjika moyo wakisikia hivyo, wakaenda kwa mwingine anayeahidi zaidi. Inaniuma, lakini nawaacha waende. Mama mwenyewe bado anakuja. Siku hizi huingia na kusema kabla sijauliza: "Nimemeza."

Ukitaka kuonja kabla ya kumlipa mtu yeyote, jaribu usiku wa leo. Lala chali, weka kiganja kimoja kifuani na kingine chini ya kitovu. Usisukume chochote wala usitafute joto. Hesabu pumzi kumi, kisha acha kuhesabu. Ukisinzia katikati, mikono iache hapohapo ilipo.