Jibu: Nitapataje nafasi kwenye meli kubwa za matanga nikiwa Nairobi?

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: uko Nairobi, hujawahi kufanya kazi ya bahari, na unataka kusafiri kwenye meli kubwa za matanga kama baharia, si mtalii. Inawezekana, na cheti cha ubaharia si lazima.

Angalia viza kwanza, hata kabla ya pesa. Safari nyingi huanzia nchi moja na kuishia nyingine, kwa hiyo unaweza kuhitaji viza mbili. Mimi huanza na bandari ya kushukia, maana wengi huisahau.

Kisha tafuta meli zinazochukua wanagenzi. Europa ya Uholanzi, iliyoundwa 1911, na Statsraad Lehmkuhl ya Bergen, Norwe, ya 1914, hupokea wasio na uzoefu. Unalipa nauli, unapangiwa zamu, unashika usukani na kuvuta kamba kama wengine. Kama una miaka 15 hadi 25, fuatilia Tall Ships Races, mashindano ya meli za matanga: kanuni inataka angalau nusu ya mabaharia wawe wa umri huo.

Ila ningekuwa wewe, ningeanzia Lamu. Ongea na nahodha wa jahazi, umwombe akufundishe kazi badala ya kukutembeza. Ukishasaidia kupandisha foromali (mti unaobeba tanga), ukashika demani (kamba ya kuongozea tanga) tanga limejaa upepo na kamba inachoma viganja, utajua kama kweli unaitaka kazi hii. Nenda wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Na hayo yote yaandike kwenye barua yako ya maombi.