Maswali Yenu: Ziwa Liko Mlangoni, Mbona Hawashuki?

SWALI: Kikundi chetu kina kayaki 4, yaani mitumbwi midogo ya kupiga kasia. Tulitangaza Jumamosi ya kupiga kasia bure kwenye Ziwa Victoria kwa vijana wa Mabatini na Igogo, hapa Mwanza. Wakaja watatu, wote wavulana, wote waogeleaji. Tumekosea wapi? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Hiyo bure ilikuwa na bei. Piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, uji wa asubuhi, na kibarua kilichoachwa, maana kwa wengi Jumamosi ni siku ya kuuza. Kabla ya kutangaza, pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa kina mama wenyewe, muulize siku na saa. Tena kumbukeni kuwa Mwanza ilizika watu wa MV Bukoba, meli iliyozama mwaka 1996. Mzazi anayemkataza binti yake ana sababu, na maneno ya kumtoa hofu hayatamsaidia. Mwekeeni jaketi okozi mkononi alikague.

Na hapo ndipo vikundi vingi vinapoharibu: majaketi ni ya saizi moja, ya watu wazima. Nguvu ya jaketi ya kumwelesha mtu hupimwa kwa nyutoni: la nyutoni 50 ni la anayejua kuogelea. Asiyejua apewe la 100, lenye kola inayoinua kichwa. Mfunge mikanda yote, kisha shika mabega ya jaketi uvute juu. Likifika masikioni, halimfai. Akitumbukia litapanda na yeye atashuka. La mtoto liwe na mkanda wa kupita katikati ya mapaja. La mtumba libonyeze: sponji iliyokauka, isiyorudi, haielei vya kutosha tena.

Siku ya kwanza kayaki zibaki mchangani. Ingieni maji ya kiunoni, kila mmoja alale chali ndani ya jaketi mpaka miguu iache kutafuta ardhi. Wengine dakika 5, wengine asubuhi nzima, na hakuna haraka. Siku ya pili ndipo mnapindua kayaki kwa makusudi, papo hapo kiunoni, ajifunze kutoka na kuishikilia. Kiongozi 1 kwa wanafunzi 4, na awepo mwanamke. Baibui refu hunywa maji na kukamata miguu. Suruali nyepesi, shati la mikono mirefu na mtandio uliobana vinatosha. Turubai na kamba vitafanya chumba cha kubadilishia nguo. Bila hicho, wasichana hawarudi mara ya pili.

Waarifuni pia BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, yaani pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Wao ndio wanaojua nyavu zimetegwa wapi.

SWALI: Twende saa ngapi, na kichocho je? (Mwalimu, Ilemela)

JIBU: Saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu na kukusukuma ziwani. Mchana hugeuka, mawimbi yakaanza. Vijidudu vya kichocho navyo hutoka kwa wingi kwenye konokono jua likishakuwa kali. Konokono hao hupenda maji ya kina kifupi yenye matete na majani, kwa hiyo tafuteni ufuko wa mchanga mtupu. Mkitoka, jifuteni kwa taulo mara moja. Inapunguza hatari, haiiondoi. Baada ya wiki 6 hadi 8 pimeni, na muombe kipimo cha choo, kwa sababu kichocho cha ukanda wa ziwa mara nyingi ni cha tumbo. Kupima mkojo peke yake kunaweza kukupa jibu la uongo. Dawa ni prazikwanteli, na dozi hupangwa kwa uzito.

SWALI: Mto Mirongo unapita mtaani kwetu. Kwa nini tusianzie hapo? (Kijana, Mabatini)

JIBU: Hapana. Unabeba taka na maji machafu ya mji, na mvua ikinyesha milimani hujaa ghafla. Hata ziwani, kaeni mbali na mdomo wake, hasa siku mbili tatu baada ya mvua.